Mama Selina Anaagwa kwa Mara ya Tatu

Mama Selina Mughwai, karani wa masjala katika ofisi yetu ya wahasibu hapa Singida mjini, anastaafu Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi tisa. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba alistaafu pia Juni mwaka jana, na Novemba mwaka jana. Keki ilikatwa mara zote mbili. Ya pili iliandikwa "Kwaheri tena". Wasifu wa kwanza aliuandika mkurugenzi wetu, Bwana Gasto, na wa pili akauandika mtaalamu wetu wa kompyuta, Calist. Safari hii wote wawili wamesema wameishiwa maneno, kwa hiyo kazi imeletwa kwangu, mapokezi.

Mama Selina aliajiriwa Machi 1993, akiwa na sketi ya bluu na cheti cha upigaji chapa. Ofisi yetu ina vyumba viwili. Chumba cha mbele huandika mapendekezo: tutakufanyia hesabu hizi, kwa muda huu, kwa bei hii. Chumba cha nyuma hufanya kazi yenyewe. Katikati kuna korido ya hatua kumi na tisa, na anayeivuka ni Mama Selina. Mteja akikubali, yeye ndiye anayefungua jalada, anampangia mhasibu na kuandika tarehe ya kumaliza. Hajawahi kupoteza jalada. La kiwanda cha kukamua alizeti analitafuta kwa kunusa.

Mwaka 2019 ofisi ilinunua programu ya kuandikia mapendekezo. Mwaka 2021 ikanunua nyingine, ya kupangia kazi. Programu hizo hazikujuana kabisa. Zilikaa kwenye meza moja kama majirani waliogombania mpaka wa shamba, na Mama Selina akawekwa katikati yao kwenye kiti cha kuzunguka. Anasoma kulia, anazunguka, anaandika kushoto. Alizunguka hadi kiti kikalegea skrubu, na siku moja kikamtupa chini ya meza akiwa katikati ya mteja na mhasibu. Alimalizia kuandika tarehe akiwa hukohuko chini.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kwenda kijijini Mungaa kulima alizeti kwenye shamba aliloachiwa na mama yake, angali na magoti yanayokunjika. Bwana Gasto alimwahidi kwamba ataondoka siku programu hizo mbili zitakapounganishwa, ili mteja akikubali pendekezo huku, kazi ifunguke yenyewe kule.

Calist akaziunganisha Juni mwaka jana. Mteja anatumiwa pendekezo kwenye simu, chini yake kuna kitufe cha "Nakubali". Sherehe ikafana, hotuba zikatolewa, Mama Selina akapewa saa ya ukutani na kupanda gari la Mungaa. Wiki tatu zikapita bila kazi hata moja kufunguka. Calist alisema mtandao ndio mbovu. Mimi nilianza kazi wiki hiyo, na nilichokikuta mapokezi ni kuku kumi na saba.

Wateja wetu, kumbe, hawabofyi. Mwaka 1996 mzee mmoja wa Unyambwa, aliyekuwa haamini kalamu, alileta kuku kuonyesha kwamba ameridhika na barua yetu. Mama Selina akaandika juu ya jalada: "Amekubali. Kuku." Habari ikaenea hadi Mkalama. Kwa miaka ishirini na saba hakuna mteja wa ofisi hii aliyekubali pendekezo kwa njia nyingine, na hakuna bosi aliyejua. Bwana Gasto anakiri kwamba siku zote alipokuwa akila mchuzi wa kuku hao kila Ijumaa aliamini tu kwamba ofisi inapendwa.

Mama Selina akaitwa. Akarudi na saa yake ya ukutani.

Calist si mtu wa kushindwa. Akaongeza kisanduku kwenye programu: "Kuku amepokelewa." Mapokezi wanaweka alama, kazi inafunguka upande wa pili. Ilijaribiwa, ikafanya kazi. Novemba tukakata keki ya pili, na Mama Selina akapewa saa nyingine.

Hapa nina jambo la kukiri, na nimeomba ruhusa ya kulikiri humu kwa sababu ana kwa ana na watu wengi siwezi. Siku moja kabla ya sherehe hiyo, tulipokuwa tukiwapa kuku maji, Mama Selina aliniambia kwamba si kila kuku ni ndiyo. Mtetea amekubali. Jogoo bado anafikiria, anataka abembelezwe. Mtetea mwenye vifaranga amekubali na mwaka ujao pia. Kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani anataka kazi iishe upesi, na aliyefungwa kwa kitambaa, mwenyewe hana haraka. Aliniambia hayo kama mtu anayetaja siku za wiki, akidhani kila mtu anajua.

Mchana ule kulikuwa na kikao. Bwana Gasto aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Mimi nilikuwa nalo. Tatizo ni kwamba nikiogopa, mawazo hunijia kwa Kiingereza cha shuleni, na kikao kilikuwa cha Kiswahili. Wakati nageuza sentensi yangu kichwani, wajumbe walishafika kwenye mengineyo, na kwenye mengineyo wakajadili sukari. Nikanyamaza.

Desemba, programu ikafungua kazi kwa kila kuku. Wahasibu wawili wakatumwa Mwankoko kuhesabu mali dukani kwa Bwana Benson, ambaye alikuwa bado anawaza. Bwana Benson akajifungia ndani na kupiga kelele dirishani: "Mimi nimeleta jogoo! Jogoo! Nyie watoto hamjui jogoo?" Majirani wakaja kushuhudia, na wote walikuwa upande wake. Wateja kumi na mmoja walipata wahasibu ambao hawakuwaomba. Mmoja aliwapa chai, akawaambia wakimaliza waondoke kimyakimya kama walivyokuja.

Simu ya Bwana Gasto ilimkuta Mama Selina shambani, mbegu zikiwa kwenye upindo wa kitenge. Aliingia ofisini kesho yake na udongo kwenye ndala, akasalimia kila mtu, akauliza jogoo yuko wapi. Kupanga upya kazi zile kulichukua hadi Februari. Mvua za kupandia zilikwisha akiwa kwenye kiti cha kuzunguka. Mbuzi wa watu wakala majani kwenye shamba la mama yake msimu mzima. Hilo nililisababisha mimi.

Nilimwambia mwezi Machi. Nilianza na shikamoo, nikaipamba hadi akanikatiza. "Najua. Nilikuona siku ile kikaoni, unafumbua mdomo na kuufumba kama perege. Haya, chukua daftari."

Mafanikio makubwa kuliko yote ya Mama Selina ni daftari hilo. Lina kurasa kumi na moja. Lina rangi, kamba, saa ya kufika, na maana ya kuku anayeletwa na mke wa mteja badala ya mteja mwenyewe. Calist aliliingiza lote kwenye programu. Alilalamika kwamba chuoni hawakumfundisha ufugaji, lakini aliingiza. Kwa miezi mitatu Mama Selina alikaa pembeni, mikono magotini, akiwa amekatazwa kugusa chochote. Kila kazi ilifunguka ilivyotakiwa. Bwana Benson mwenyewe alileta mtetea.

Kisha Jumatatu iliyopita Mzee Shukuru wa Unyambwa, mteja wetu wa siku nyingi, akaingia mapokezi na bata.

Bata hakuwemo kwenye daftari. Calist alivua miwani, akaangalia skrini, akaangalia bata, akafungua kazi mpya ili tu afanye kitu. Bwana Gasto akatoka ofisini kwake. Akamtazama bata, akamtazama Mama Selina, halafu akaanza kwa sauti ya upole ambayo sote tunaijua: "Mama Selina, nilikuwa nafikiri, labda hadi Aprili..." Mama Selina alitazama mikono yake. Alikuwa ameshanunua mbegu.

Nikasimama. Sijui miguu ilitoka wapi. "Shikamoo babu. Samahani. Huyu bata ana maana gani?"

"Marahaba," akasema Mzee Shukuru. "Maana gani tena, mjukuu wangu? Ni bata. Namletea Selina akafuge Mungaa. Si nasikia anaondoka?"

Kwa miaka ishirini na minane tulikuwa hatujawahi kumuuliza mteja. Bwana Gasto akasema ndiyo, anaondoka, Ijumaa ya wiki ijayo, akarudi ndani na kufunga mlango taratibu.

Mama Selina, kwa niaba ya vyumba vyote viwili na korido, asante. Asante kwa majalada na michuzi, na kwa kunipa daftari mimi ulipokuwa na kila sababu ya kuninunia. Magoti yako yakunjike, mvua zikukute shambani, alizeti zisimame kuliko za majirani. Saa ya tatu hatukununua, tumekununulia jembe. Namba yako nimeifuta kwenye simu ya mapokezi, na Bwana Gasto ameifuta kwenye yake huku sote tukimwangalia. Uishi vizuri, Mama. Ulime.

Rahel, Mapokezi