Basi Linalotaka Kukandamizwa

Basi la umeme lilisimama juu ya sahani ya kuchajia iliyofukiwa barabarani, lakini taa ya chaji mbele ya dereva haikuwaka kijani. Mgane aliyeketi nyuma yake alishusha pumzi. Waliolinunua, alijisemea, hawajawahi kulipanda.

"Tumbo la basi liko juu mno, umeme wa chini haulifikii," dereva alisema. "Jamani, sogeeni wote katikati, lizame kidogo."

"Kwani sisi ni mawe ya mizani?" aliuliza mama mmoja mnene, chupa ya uji kifuani. "Mwanangu kajifungua kwa upasuaji, na saa ya kuona wagonjwa inaisha. Twende hivyo hivyo, baba."

"Chaji haitufikishi hata pale kona, mama. Waliochimba barabara hawakuongea na walioagiza basi."

"Basi waje walikalie wao."

Mgane aliwahi kucheleweshwa na wapangaji wa aina hiyo, akafika wodini na kukuta kitanda cha mkewe kimeshatandikwa upya. Akainuka, akajibana katikati na wenzake, mama naye akiwemo. Basi likazama, taa ikawaka.

"Mpaka lini?" mama akauliza.

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo chenu nakijua." Akapenya kwa viwiko, akashuka. Basi likainuka kama punda aliyetuliwa mzigo, taa ikazimika.

"Mama, rudi," dereva aliita dirishani. "Wewe ndiye uliyekuwa unatuchajia."

Mama alishika njia ya hospitali kwa miguu.

"Mwache," mgane akasema. "Kati yetu sote, yeye peke yake ndiye anayesafiri."