Jina la Ulingoni

Nyuma ya stesheni ya Itigi, pale abiria wanaposhuka wakinyoosha migongo, pana benchi lililochongwa kwa taruma la zamani la reli. Wanaolikalia asubuhi ni watu watatu, na kila mmoja ana jina alilopewa na benchi lenyewe. Mzee Mohamedi, aliyeongoza treni kwa bendera na taa mpaka alipostaafu, ni Signali. Paschal, aliyewahi kukaa katika baraza la ardhi la kata kwa kipindi kimoja na hajakisahau hata leo, ni Wakili. Bonifasi, anayenunua asali kwa warina wa vichakani na kuipeleka mjini, ni Mzinga. Kahawa yao huchemshwa na Mama Nathan, mwenye jiko lake la mkaa, birika la shaba na sahani ya kashata za karanga. Miaka yote hiyo hakuwahi kuingilia mazungumzo yao, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akisema huku anamimina, kimoja lazima kiharibike.

Asubuhi hiyo Mzinga alifika ameshika simu mbele yake kama mtu aliyebeba yai. Ilikuwa na picha ya Nathan, kijana wao, nywele zimefungwa juu ya utosi, tumbo limetangulia, uso umetulia. Hakuna asiyemjua Nathan pale Itigi. Alipokuwa akinyanyua mapipa ya asali kwa Mzinga, watu wawili walikuwa wakisimama pembeni kumtazama badala ya kumsaidia. Akiwa sekondari Manyoni alifundishwa judo na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, mwalimu akamwandikia rafiki yake wa huko, na sasa ni mwaka wa sita kijana yupo katika kambi ya sumo, ile mieleka ya watu wakubwa wanaosukumana ndani ya duara la udongo. Habari iliyokuja na picha ilikuwa fupi. Nathan amepandishwa daraja, ameingia kwa wale wanaolipwa mshahara, na kama ilivyo desturi yao, ataliacha jina lake mwenyewe, alilokuwa akipigana nalo mpaka sasa, na kupewa jina jipya la ulingoni.

Kwanza walishukuru. Signali alivua kofia akasema alhamdulilahi. Mzinga alifanya ishara ya msalaba. Wakili alimshika Mama Nathan mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa mpaka vikombe vikagongana. Baada ya hapo lile neno la jina jipya likaanza kuwawasha, na benchi halikuwahi kuacha kitu kinachowasha.

Mama Nathan aliwamiminia. Yeye habari alikuwa nayo tangu alfajiri. Ilikuja kwa sauti ya Nathan mwenyewe, na simu aliyoisikilizia ilikuwa imekunjwa ndani ya khanga, kiunoni, kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo, Mama," sauti ilisema. "Mkuu wa kambi amenigawia nusu ya jina lake. Kwa nusu nyingine aliniuliza kwetu kukoje. Nikamwambia kwetu ni vichaka, mtu akiingia haonekani. Akaweka neno lao la msitu. Sasa litakuwa Tokinomori. Lakini amesema hatalitangaza kabla mzazi wangu hajaridhia. Nijibu leo, Mama."

Jua lilikuwa limeshapanda na bado hakuwa amejibu. Hakujua ajibu nini.

Wa kwanza kulishika jambo alikuwa Wakili, ambaye sentensi zake nyingi huanza na sheria na kuishia popote.

— Kisheria, alisema, mtu akibadili jina, yule wa zamani amefutwa. Anaapa mbele ya hakimu, inatangazwa kwenye gazeti la serikali, basi. Sasa niambieni, kile kiwanja cha Nathan pale karibu na tangi la maji, na yale matofali, ni cha nani? Nathan hayupo.

— Yupo Japani, alisema Mzinga.

— Aliyepo Japani ni mwingine. Kisheria mimi naweza kwenda kuyachukua yale matofali leo.

Signali akamwambia ajaribu, halafu Tokinomori au yeyote atakayekuja na kilo zake amkalie juu ya kifua kisheria. Wakacheka. Jina walikuwa wamelisoma kwenye simu ya Mzinga, kwa kuwa Nathan aliwadokeza kabla halijatangazwa, na kila mmoja alilitamka kivyake. Mama Nathan naye alitabasamu kidogo. Alikumbuka kwamba ni Wakili huyuhuyu aliyejaza karatasi za pasipoti ya mtoto, akasafiri naye mpaka Singida mjini, akarudi amechoka na hakutaka hata soda. Ndiyo maana maneno yake hayakumchoma sana.

Ya Signali yalimchoma.

— Hamjui reli nyinyi, alisema Signali, akiweka kikombe chini taratibu. Treni ikiwa ya kawaida inasimama kila mahali. Inasimama Kitaraka, inasimama hapa, inachukua hata mtu mwenye kuku. Siku wakiibandika jina jipya, wakaiita ya haraka, inaanza kuruka stesheni ndogo. Dereva si mbaya. Hana chuki na mtu. Ila ratiba yake mpya haina Itigi.

Kahawa ilifurika katika kikombe cha Wakili ikamwagikia sahani. Mama Nathan aliomba radhi, akapangusa. Hakuna aliyeshangaa, maana upepo wa Itigi ulikuwa ukipuliza moshi machoni mwake.

Mzinga hakukubali kuachwa nyuma. Alisema wenzake wote wawili wamepuyanga, jambo lenyewe ni kubwa kuliko matofali na treni. Mkuu wa kambi, kwa alivyosikia, hana mtoto wa kiume. Mtu asiye na mtoto wa kiume akimkatia kijana nusu ya jina lake, anatafuta nini? Anatafuta mrithi. Nyuki wakihamia mzinga mpya, hata uwapake asali mzinga wa zamani, hawarudi. Na ile chumvi wanayoitupa ulingoni kabla ya kupigana, watu wanasema ni ya kusafisha. Yeye Mzinga haamini. Chumvi ile inafunga njia ya nyuma. Watamwoza huko, atazeeka huko, na siku akifa kaburi lake litaandikwa jina ambalo hapa Itigi hakuna wa kulisoma.

— Kwa kifupi, alimaliza, wamemfanya mtoto wetu kuwa wao mchana kweupe, na sisi tunapiga makofi.

Wakatazamana, wakipima kama wamezidisha. Kisha Wakili akasema kisheria hilo linawezekana, na wakaendelea.

Mama Nathan aliinama kupulizia mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa. Hakuwa akiogopa chumvi, na matofali yangekaa palepale. Alichoogopa ni kitu ambacho angeona haya kukisema mbele ya wanaume, kwa sababu kingeonekana kidogo.

Wakati huo ndipo alipokuja mwanamke mmoja na mizigo miwili ya vitenge. Alikuwa Rukaiya, mfanyabiashara wa Singida mjini, anayesubiri treni ya Tabora ambayo kama kawaida ilikuwa imechelewa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu. Karibu ukae.

Alimsalimia na Mama Nathan, akapewa kikombe na kashata, akakaa juu ya mzigo wake. Wazee walifurahi kupata sikio jipya, wakamsimulia yote tangu mapipa ya asali mpaka chumvi, wakikatizana. Rukaiya alisikiliza vizuri. Aliitazama picha, akasema mashaallah, huyu mtoto amelelewa akalelewa tena. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:

— Na mama yake? Huku kwetu, mama anaitwa kwa mtoto wake. Sasa mtoto si Nathan tena. Mama yake mtamwitaje?

Signali alitazama ndani ya kikombe chake. Wakili alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza sheria haikutoka. Mzinga alimtazama Mama Nathan, akaondoa macho haraka, na Rukaiya alipofuata macho yale alielewa amekaa karibu na nani. Akashika mdomo.

— Nisamehe, mama. Sikujua.

Mama Nathan alikaa kwenye kigoda chake. Kitu alichokiogopa tangu alfajiri kilikuwa kimesemwa, tena na mgeni, na hakikuonekana kidogo kama alivyodhani.

Jina lake la kuzaliwa ni Eliana. Mpaka alipopita miaka thelathini aliitwa hivyo, Eliana tupu, kama msichana wa shule. Wenzake waliocheza naye walikuwa wameshakuwa Mama Fulani, wakiitana bombani kwa majina ya watoto wao, na wakifika kwake sauti zao zilipungua kidogo. Mume alichoka kusubiri mtoto akaondoka. Halafu mdogo wake, Leah, alifariki akiacha mtoto ambaye hata kukaa alikuwa bado, na msibani mtoto yule akawekwa mapajani pa Eliana. Baada ya matanga alikwenda dukani kwa marehemu Mzee Abdulmajidi kununua sukari ya uji, mtoto mgongoni. Mzee akamuuliza: "Mama Nathan, nikupe nini?" Akageuka nyuma kuangalia anayeambiwa. Nyuma hapakuwa na mtu.

Alitembea kurudi nyumbani akilirudia jina lile kwa sauti ya chini. Mpaka leo, kila akipita pale palipokuwa duka, humwombea Mzee Abdulmajidi, ingawa mmoja alikuwa wa msikiti na mwingine ni wa kanisa.

Sasa, mbele ya watu wale, aligundua jambo ambalo hakuwahi kulitazama upande huo. Siku ile pale dukani alipandishwa daraja. Alipewa jina jipya na mtu ambaye si mzazi wake, akalipokea kwa mikono miwili, hakumuuliza mtu. Mama yake mzazi alikuwa hai wakati huo. Je, alilia? Hakulia. Alimwita Eliana jikoni mwake mpaka siku alipokufa, na nje, akimwagiza mtoto wa jirani, alisema nenda kamwite Mama Nathan, na alilisema kwa majivuno.

Akafungua pindo la khanga, akatoa simu.

— Nyamazeni kidogo, wazee wangu, alisema.

Alibonyeza pale alipofundishwa kubonyeza, akaisogeza simu karibu na mdomo kama anayetaka kuipulizia.

— Nathan, mwanangu, marahaba. Nimechelewa kukujibu, nilikuwa na kahawa. Mwambie mkuu wa kambi nimeridhia. Mwambie namshukuru, jina si kitu kidogo kumgawia mtoto wa mtu. Mimi nilipewa langu siku ulipoletwa, na sikumkosea mtu kwa kulipokea. Huko ulingoni wakuite hivyo, na uitike vizuri. Ukiingia ndani kwangu wewe ni Nathan. Wazee wako wapo hapa. Yule aliyekupa mapipa yupo, aliyekujazia karatasi yupo, na yule aliyekuwa akikulipia tiketi ya Manyoni akidhani sijui yupo. Wanakusalimia. Kula.

Akaachia. Simu ikalia mlio wake mdogo, ujumbe ukaenda.

Signali aligeuza uso upande wa reli, akaitazama kwa muda mrefu ingawa hapakuwa na treni. Mzinga alisema, kwa sauti isiyo ya Mzinga, kwamba habari ya chumvi hakuwa na hakika nayo sana. Wakili aliongeza kuwa hata matofali yale, akiangalia vizuri, ni salama. Rukaiya alifuta machoni kwa ncha ya mtandio, akaomba kuiona picha tena.

Honi ikasikika kwa mbali. Rukaiya akainuka, na Wakili na Mzinga wakagombania mizigo yake mpaka kila mmoja akapata mmoja. Signali alibaki peke yake kwenye benchi. Akanyoosha kikombe chake, kama anavyokinyoosha kila siku.

— Niongeze, Mama...

Akakwama hapo. Mkono ulikuwa hewani. Mama Nathan hakumsaidia. Alisubiri, birika mkononi, akimtazama.

— Mama Nathan, alimalizia mzee.

Ndipo akainamisha birika. Likatoa tone moja, halafu machicha. Siku zote machicha yakitoka ndiyo mwisho wa benchi, watu hujipangusa na kwenda zao. Mama Nathan aliyakung'uta pembeni, akachota maji kwenye ndoo, akajaza birika upya na kuliweka juu ya mkaa.

— Kaa, Mzee Mohamedi, alisema. Leo nachemsha tena.