Vichupa Sita vya Dada Yetu na Barua Aliyokataa Kusaini

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ni mdogo wake wa pili, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza niseme kwamba juzi ofisi yake ilituletea historia waliyoiandika wao, ukurasa mmoja, wakaomba tusome hiyo, tumeipokea, tumeisoma, tumeiacha nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana, akiwa kifungua mimba wa watoto sita wa fundi wa breki na mkunga, na mama yetu, huyu hapa mbele, anasema mtoto huyo alitanguliza miguu, wakunga wawili wakajaribu kumgeuza, hakugeuka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, sekondari 1981 hadi 1984, kisha chuo cha mafundi sanifu wa maabara, alikohitimu tarehe 27 Novemba 1987, akaanza kazi katika maabara ya damu ya hospitali tarehe 4 Januari 1988, na tarehe 1 Agosti 1996 akahamia kituo cha utafiti, chumba cha pili mkono wa kushoto, chenye friza tatu, meza moja na kiti alichokishonea mto kwa kitambaa cha pazia.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, aliyeposa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza aliambiwa akajifunze kwanza kupika, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, wote wako hapa, wote wabishi.

Pale kituoni alishughulika na protini moja ya kinga ya binadamu, ile ambayo seli za damu huitumia kuitana maradhi yanapoingia mwilini, hutengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya mtu, ni ya utafiti tu, si dawa, nayo huja ikiwa unga kidogo mno, mgeni akitazama kichupa husema kitupu, dada aliuyeyusha, akaugawa katika vichupa vidogo, akavigandisha, na kila alipomkuta mtu akitikisa kichupa alimwambia, "Baba, hiyo siyo juisi, weka chini."

Tarehe 16 Machi 2015 mkuu mpya wa idara aliagiza albumini isitiwe tena katika mchanganyiko, akiamini inaharibu vipimo, nayo albumini ni protini ya kawaida inayotangulia kufunika kuta za kichupa, dada akamweleza mbele ya watu kwamba bila hiyo ile protini kidogo itanata yote kwenye plastiki, seli zitapewa maji matupu, akajibiwa, "Mama, wewe mimina tu, kufikiri tuachie sisi," akamimina, lakini kwanza alitengeneza vichupa sita kutoka unga uleule, vitatu vyenye albumini na vitatu bila, akavigandisha, akaandika daftarini tarehe, saa na rafu ya friza.

Kufikia Septemba seli hazikuwa zikiitika, na tarehe 3 ya mwezi huo akaandikiwa barua ya onyo kwamba kwa uzembe aliacha vichupa nje ya friza, akakataa kuisaini, akahamishiwa chumba cha kuoshea vyombo vya kioo, akaosha mwaka mmoja na miezi mitano. Februari 2017 mkaguzi kutoka nje alifungua daftari lile, akaagiza vichupa sita vipimwe, vitatu vikaamsha seli, vitatu havikuamsha hata moja, mwongozo wa kazi ukarekebishwa bila kutajwa jina la mtu, dada akarudishiwa kiti chake bila neno, barua ya onyo ikabaki kwenye jalada lake. Aliandika mara saba kuomba iondolewe. Hakujibiwa.

Mei 2023 alianza kuumwa tumbo, tarehe 19 Juni akapatikana na saratani ya kongosho, akalazwa mara tatu, na tarehe 7 Februari 2024 alipopata nguvu ya kusema aliuliza jambo moja, "Wamejibu?" tukamwambia bado, akasema, "Basi msichoke," akafariki kesho yake, saa nne na dakika kumi asubuhi, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, ambao hawakumficha kitu, majirani waliopokezana kumlisha, na wafanyakazi wenzake, hasa kina mama wa chumba cha vyombo, waliomwekea kiti siku ya kwanza bila kuuliza amekosa nini. Mkuu wa idara yuko safu ya tatu, asante kwa kuja, hapana, usiinuke, tunamalizia.

Ile historia ya ofisi iliambatana na fomu ya kufunga jalada la marehemu, inayomtaka mume wake athibitishe kwamba yote yaliyomo ni sahihi, shemeji ameisoma kwa miwani na bila miwani, fomu iko mfukoni mwake, haina saini, na haitakuwa nayo mpaka barua ile itolewe jaladani, mwaka huu au mwaka ambao watoto wake watakuwa na wajukuu. Dada, umefanya sehemu yako, pumzika kwa amani, sisi hatujachoka.