Maximilla na Mashine ya Waya Mpana

Miaka thelathini na mmoja! Ndiyo muda aliotumikia Bi. Maximilla Kipriani katika chuo chetu hapa Kasulu, hadi anapostaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025.

Aliajiriwa mwaka 1994 kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipokuja, wakubwa waliifunika kitambaa. Yeye akaifungua kwa bisibisi, na karakana ya kompyuta ikawa yake.

Daftari lake tunalijua sote. Kila kompyuta ya nyumbani iliyoletwa kutengenezwa aliipima kwa faili lile lile, video ya mahafali, akaandika muda wa kuinakili. USB ya zamani: saa moja na dakika nane. Waya mpana wa IDE, wa diski za zamani: chini ya dakika mbili. SATA, waya mwembamba uliofuata: sekunde arobaini. Diski mpya kabisa za NVMe zilipofika, ya kwanza ikatumia sekunde tatu, naye akarudia kupima mara nne, hakuamini. Asia wa mapokezi humtania kwamba hata chai huipimia muda.

Mimi, mtunza stoo, niliona ni mchezo tu. Kila mwaka niliorodhesha mashine yake kuukuu ya waya mpana ifutwe kwenye orodha ya mali. Kila mwaka aligoma, tukanuniana wiki nzima.

Machi mwaka jana akaja Mwalimu Stanislaus kutoka Kibondo na diski ya kompyuta yake ya nyumbani. Ndani mlikuwa na kamusi ya Kiha aliyoiandika miaka kumi na sita, pamoja na sauti za wazee waliomweleza maneno, wengi wao sasa marehemu. Nakala nyingine hakuwa nayo, na diski ilikuwa inagonga ta-ta-ta. Maximilla aliisikiliza, akasema haimalizi saa moja. Kwa USB ya kompyuta ya Mwalimu zingehitajika saa kumi na moja. Mashine zetu mpya hazina tundu la waya mpana. Akaniomba ufunguo wa stoo, ilikokaa ile kuukuu yake.

Dakika ishirini. Jamani, huyu mama ni mtu wa ajabu! Mimi nasali kimoyomoyo, yeye ametulia tuli akihesabu mafaili. La mwisho lilipopita, diski iligonga mara mbili, ikanyamaza. Haijawaka tena. Nilimwomba radhi palepale, mbele za watu.

Asante sana, dada yetu, kwa kazi na kwa ubishi wako. Tunakuombea afya, shamba jema huko Kagerankanda na wajukuu wasumbufu kiasi.

Mwalimu ameniomba niandike na hili. Sauti ya kwanza aliyoifungua siku ile ilikuwa ya marehemu mama yake, akimtajia majina ya mbegu za maharage. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwitikia.