Choo Kisichonuka Dawa

Assalaam alaykum, akina mama wa kikundi. Na ninyi mnaoanza na Bwana asifiwe, salamu zenu hizi hapa. Sitasimama sana, pumzi yangu mnaijua. Majina ya wahusika ninayo yote kichwani, mpaka ya watoto wao, lakini leo nimeyaacha nyumbani.

Ninakaa Ilala, nyumba ya kupanga, choo kimoja uani. Kusafisha ni kwa zamu. Na mambo ya zamu mnayajua: harufu ya dawa isipofika barazani, utaambiwa umepiga maji tu ukaondoka.

Siku ya zamu yangu nilikuta madoa ya njano sakafuni. Aliyenitangulia alikuwa amemwaga tindikali, ile inayouzwa Kariakoo kwenye chupa za maji ya kunywa, akaiacha iloweke. Mimi sikujua. Nikamimina juu yake dawa ya madoa ya nguo nyeupe, tena nyingi, wasije wakanisema. Nikarudishia mlango, nikainama na brashi.

Ndugu zangu, nawaambia, harufu ilipanda kama pilipili inayoungua. Nikapapasa mlango nisiuone. Waliponitoa nilikuwa natapika povu.

Hospitali wakasema dawa hizo mbili zikikutana zinatoa hewa ya sumu, na kifua changu kimeungua. "Bibi, harufu hizo uzikimbie." Nizikimbilie wapi? Chumba changu kinatazamana na choo. Mtu akimwaga dawa yake asubuhi, mimi nakohoa mpaka najikojolea. Mtanisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikarudia vya zamani: majivu ya mkaa ya kusugulia, maganda ya ndimu niliyoomba kwa muuza juisi, maji ya moto. Sakafu ikatakata. Wapangaji wakacheka.

"Shikamoo bibi. Hiki choo au achari?"

"Marahaba. Chungulia mwenyewe."

Mwingine akanifuata nyuma na chupa ya dawa ya madoa. "Hakinuki dawa, hakijasafishwa hiki." Akamwaga. Na hapo nisikieni vizuri: hata ndimu au siki ikikutana na dawa ya madoa, sumu ni ile ile. Msichanganye.

Nikakata tamaa. Mwanangu akaja kunichukua ili nikakae kwake Mkuranga, ambako sijui hata jirani mmoja. Mimi mume wangu nimemzika kutokea nyumba ile. Godoro likafungwa kamba, likapandishwa kwenye guta la magurudumu matatu. Sikulia. Hata pumzi ya kulia sikuwa nayo.

Ndipo akatoka mpangaji mwenzetu, mama wa Kilimanjaro, anauza vikombe Kariakoo. Huyo ndiye aliyekuwa hodari wa kunicheka. Akashika kamba ya godoro.

"Dada, mwache mama akapumzike," mwanangu akamwambia.

"Kaka, shusha. Tindikali ya siku ile ilikuwa yangu. Nimenyamaza mpaka leo." Akawageukia wenzake. "Chupa zitoke uani. Anayetaka kunusa dawa akahamie hospitali!"

Godoro likashushwa.

Akina mama, sikupona, nisiwadanganye. Kifua ndicho hiki mnachokisikia kinapiga filimbi, na daktari hanipi matumaini. Wapangaji wanahama, wapya wanaingia na chupa zao, naanza tena kubembeleza. Wengine wananielewa. Wengine wanangoja nitoke.

Namshukuru yule mama. Yumo humu, ameinamisha kichwa, kiinue, binti yangu. Namshukuru na muuza juisi, maganda yangu hajawahi kuyatupa.

Langu kwenu ni hili: choo safi si lazima kinuke dawa. Na kama dawa huwezi kuiacha, tumia moja tu, mlango wazi, na umuulize aliyekutangulia amemwaga nini.

Leo zamu ni ya mpangaji mpya. Nikirudi nitasimama kwanza barazani, ninuse. Kikinuka ndimu, nitaingia nikalale.