Kahawa ya Pongezi

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali, na kila alasiri hukaliwa na wanaume watatu wanaojua kila kitu. Redio ni kinyozi, na hana kitufe cha kuzimia. Hakimu alikuwa tarishi wa mahakama. Kazi aliacha, hukumu hakuacha. Wa tatu ni Gia Tano, dereva wa lori aliyevuka mipaka mingi kuliko barua. Mkewe anashona nguo ng'ambo ya barabara, na cherehani yake husikika hadi hapo. Wiki tatu zilizopita benchi liliona tumbo la shemeji limetuna, likampongeza Gia Tano. Naye, na miaka yake hamsini na minne, akachekelea, akawanunulia wote kahawa. Jana hospitali iliwaeleza lile tumbo ni nini. Asubuhi mkewe akamwambia: "Waambie wenzako. Upasuaji ni Jumatatu, na natakiwa kupeleka watu wa kuchangia damu. Na sitaki kupongezwa tena." Sasa Gia Tano ameshika kikombe, ulimi umekuwa wa mbao.

— Leo uko gia huru, baba kijacho, alisema Redio.

— Mwache, alisema Hakimu. Ng'ombe hazeeki maini, ila magoti yana siku zake.

— Mimi nasema mapacha. Tumbo la mtoto mmoja haliendi mbio vile.

— Mapacha wapi? Watatu. Na mmoja amekaa mkao wa usukani, ndiyo maana shemeji anatembea akishika ubavu.

Gia Tano alijua kwa nini anashika ubavu.

— Jamani, alisema. Lile tumbo…

— Tumbo la nani?

— La mke wangu.

— Hilo tunalijua. Tungesema ni la mke wa mwingine ungetupiga.

Walicheka. Gia Tano naye akacheka, na kile kicheko chake kikamtisha kuliko daktari.

— Atazaliwa na meno, aliendelea Redio. Na leseni.

— Tutajie mwezi tu, ndugu yangu, alisema Hakimu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kikombe kiligonga meno ya Gia Tano. Kahawa ikamwagikia suruali, wala hakuisikia. Alichosikia ni kwamba cherehani imenyamaza.

Mkewe alikuwa anavuka barabara, futi ya kupimia ingali shingoni. Futi hiyo ndiyo iliyomshtua mwanzoni: gauni lake mwenyewe alilipanua kiuno mara mbili, huku mikono yake inakonda.

— Habari zenu, mashemeji.

— Salama, mama kijacho. Tunapanga majina.

Alimtazama mumewe.

— Hujawaambia?

Gia Tano alitazama tofali. Mkewe akakaa benchini, mahali ambapo hajawahi kukaa mwanamke, na benchi likalia.

— Hakuna mtoto, alisema. Haya ni maji. Nina saratani ya ovari, huku kwenye vifuko vya mayai. Jumatatu wananipasua.



— Kuna mzizi mmoja… alianza Hakimu.

— Mzizi sikuomba, shemeji. Nimewasikia: mmempa mtoto meno, mkampa na leseni. Sasa niambieni: nani kati yenu anajua kundi lake la damu?

Redio alimtazama Hakimu. Hakimu alitazama mkono wake, kana kwamba limeandikwa hapo.

— Hata mimi langu silijui, alisema Gia Tano, sauti ndogo. Na naogopa sindano.

— Mimi naogopa Jumatatu, alisema mkewe. Simama twende, maabara haijafungwa.

Alinyoosha mkono. Mumewe aliushika, akasimama.

Redio akaacha kikombe, akafuata kimya. Hakimu akafuata nyuma yao, akitafuta methali njia nzima. Walifika mlangoni mwa maabara hajaipata.