Kwa Seneta Aliyetuita Wauza Machozi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Seneta Garland Pruett, mkurugenzi wetu, mabibi na mabwana:

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa ofisi ya utetezi wa washtakiwa ya Kaunti ya Tallis, hapa Mississippi, tunakupokea kwa furaha iliyotushangaza hata sisi wenyewe. Umekuja kabla ya kura yako ya kuifunga ofisi yetu. Wengine wangengoja matanga. Kambare wa kukaanga yupo, na kiti chako tumekiweka mbali na kiyoyozi kinachovuja.

Kwenye televisheni ulituita wauza machozi. Ahsante. Mama zetu wenyewe hawajawahi kuielewa kazi hii kwa wepesi hivyo.

KAZI YETU

Mtu akishtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni sindano ya kifo, wakili huhangaika na alichotenda. Sisi huenda kuuliza alilelewaje, ili jopo la raia wanaoamua afe au afungwe lijue linamhukumu nani. Ndiyo huo uuzaji wenyewe.

MAFANIKIO

Tunalo moja, nalo tunajua lilikukosesha usingizi: Royce Tillery. Alimuua mwenye duka, Bwana Amos Keel. Hilo halikubishwa na mtu, hata na Royce.

Mwenzetu Verlene Mabry alikwenda kwa shangazi yake Royce, Bi Ozella. Akafukuzwa.

"Mtoto yule alilelewa vizuri! Nenda zako, binti!"

Verlene akarudi. Akamkuta barazani anamenya kunde za maganda ya zambarau. Hakuuliza kitu, akavuta kiti, akamenya naye mpaka vidole vikageuka zambarau. Jua lilipopinda, Bi Ozella akasema bila kumtazama:

"Mama yake alikuwa akimfungia bandani. Tukimsikia analia."

"Mkafanyaje, shangazi?"

"Tukaongeza sauti ya redio."

Verlene alitaka kulia, akajizuia. "Utayasema haya mahakamani?"

"Mbele za watu? Nitaonekana mtu gani mimi?"

"Mtu aliyesema, hata kama amechelewa."

Bi Ozella alikwenda na kofia yake ya kanisani, akasema yote. Royce, ambaye kesi nzima alikuwa ametazama meza, aliinua kichwa. Jopo likampa kifungo cha maisha. Hatoki, Mheshimiwa. Tunakusikitikia kwamba bado anapumua.

CHANGAMOTO

Gari letu huwaka likijisikia. Milango hufungwa usoni petu. Mjane wa Bwana Keel alitema mate miguuni pa Verlene, na hapo hatuna kejeli: Verlene aliinamisha kichwa, akampisha.

MAOMBI

La kwanza unalijua: usitufunge.

La pili ni geni. Magazeti yameandika kwamba kijana wa dada yako, Tucker, ameshtakiwa kwa mauaji. Ulisimama mbele ya kamera ukaomba watu "wamwelewe kwanza." Tulipiga makofi hapa ofisini, hatukujua una kipaji cha biashara yetu. Jana mahakama imetukabidhi kesi yake.

Verlene ndiye atakayeishughulikia, kama alivyoishughulikia ya Royce. Atakuja kwako, maana kijana alikulia nyumbani mwako. Atauliza mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya wapiga kura. Ukimfukuza, atarudi.

Mheshimiwa, hili tunaliomba bila utani: mwambie kweli. Kura yako ipige utakavyo, lakini kijana yule hana mtu mwingine aliyekuwepo alipokuwa akilelewa.

Mungu akupe afya, na akupe ujasiri wa kumfungulia mlango.

Ni sisi,
Wachunguzi wa Maisha ya Washtakiwa,
Kaunti ya Tallis